Nani Apewe Barabara: Teksi Isiyo na Dereva au Basi?

Januari 2020 jiji la San Francisco, Marekani, lilipiga marufuku magari binafsi katika sehemu kubwa ya Market Street, barabara kuu ya katikati ya jiji. Ikaachiwa mabasi, tramu, teksi, baiskeli na watembea kwa miguu. Miaka mitano baadaye Meya Daniel Lurie alilegeza amri hiyo, na Agosti 2025 teksi za kampuni ya Waymo, zinazojiendesha bila dereva, zikawa miongoni mwa magari yaliyofunguliwa mlango. Ukiutazama haraka utaona ni uamuzi mdogo wa trafiki. Lakini ndani yake limo swali ambalo kila jiji kubwa litalazimika kulijibu: barabara isipowatosha wote, nani atangulie?

Msimamo wa makala hii ni kwamba teksi isiyo na dereva ni teksi nzuri, tena huenda ikawa bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hata hivyo bado ni teksi, na jiji lenye mamilioni ya watu halibebwi na teksi.

Kwanza tuitendee haki. Waymo ilianza mwaka 2009 kama mradi wa majaribio ndani ya Google. Agosti 2023 mamlaka ya jimbo la California iliiruhusu, pamoja na mshindani wake Cruise, kutoza nauli San Francisco usiku na mchana bila dereva ndani. Kufikia Aprili 2025 Waymo ilikuwa ikifanya safari zaidi ya 250,000 za kulipiwa kwa wiki katika miji yake yote. Gari linaona kwa kamera, rada na leza. Halilewi, halisinzii, wala halishiki simu likiwa njiani. Watafiti wa kampuni hiyo walichambua safari zenye jumla ya kilomita kama milioni 91, wakakuta ajali za kujeruhi watembea kwa miguu zilikuwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko za madereva binadamu katika miji hiyo hiyo. Hata tukizingatia kwamba mpimaji ndiye mwenye mali, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa asiyeona, au kwa mwanamke anayetoka zamu usiku wa manane, huduma hii ni ukombozi wa kweli.

Usalama huo, hata hivyo, hauji wenyewe kwa sababu tu usukani umeachiwa kompyuta. Oktoba 2023 gari la Cruise lilimburuta kwa mita kadhaa mwanamke aliyekuwa amegongwa kwanza na gari jingine. Jimbo likaisimamishia kampuni ruhusa, na Desemba 2024 General Motors, mmiliki wake, ikaacha kuugharimia mradi wa teksi hizo.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana hapo ndipo kiini kilipo. Chukua njia moja ya barabara ya mjini, upana wa mita 3, yenye taa na makutano ya kawaida. NACTO, chama cha idara za uchukuzi za miji ya Amerika Kaskazini, kinakadiria kwamba njia hiyo ikitumiwa na magari madogo hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Ikitengwa kwa mabasi ya mara kwa mara, hupitisha 4,000 hadi 8,000.

Tuseme watu 6,000 wanataka kuingia mjini kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Kwa mabasi yenye abiria 100 kila moja, yanatosha mabasi 60, yaani moja kila dakika, kwenye njia moja. Wape watu hao teksi za kubeba mmoja au wawili, wastani mtu mmoja na nusu, utahitaji magari 4,000. Njia moja yenye taa za barabarani ikipitisha magari 800 kwa saa, utahitaji njia tano, tena zote kuelekea upande mmoja. Hata kompyuta ikiendesha kwa ustadi wa namna gani, gari halipungui urefu.

Na hapo hatujahesabu magari matupu. Teksi ikishamshusha abiria hufuata mwingine, au huzunguka ikisubiri kuitwa, na muda wote huo inakula barabara bila kubeba mtu. Watafiti wa California walijaribu kuonja hali hiyo kwa kuwapa watu 13 wa eneo la San Francisco dereva wa bure kwa wiki moja, ili waishi kana kwamba magari yao yanajiendesha. Umbali uliosafiriwa na magari yao uliongezeka kwa asilimia 83, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa gari likitumwa bila mwenyewe kuwemo. Watu 13 ni wachache, na hayo yalikuwa magari ya nyumbani, lakini funzo lake halishangazi: safari ikiwa rahisi, watu husafiri zaidi. Uber na Lyft, kampuni za teksi za kuitwa kwa simu, zilikwisha kulionyesha hilo katika jiji zima. Mwaka 2018 mamlaka ya uchukuzi ya San Francisco ilikadiria kwamba huduma hizo zilichangia karibu nusu ya ongezeko la foleni kati ya 2010 na 2016.

Watetezi wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba magari yanayojiendesha yataweza kufuatana kwa karibu sana, hivyo mengi zaidi yatapita. Kwenye barabara kuu ya nje ya mji huenda. Mjini kuna watoto wanaovuka, taa, na abiria anayeshuka na mizigo yake mlangoni pa duka. Hapo ndipo mwendo unapokwama. La pili ni kwamba watu watashirikiana gari. Hilo ni wazo zuri. Lakini gari linalobeba watu kumi wasiojuana, kwa njia moja na nauli ya kugawana, sisi tunalo tayari. Linaitwa daladala au matatu, na ni usafiri wa umma.

Ipo pia nauli. Uchunguzi mmoja wa bei uliofanywa San Francisco mwaka 2025 ulikuta safari ya Waymo ikigharimu wastani wa dola 20.43, zaidi ya Uber na Lyft. Mwaka huo kwenye basi la jiji, Muni, mtu mzima mwenye kadi alilipa chini ya dola 3, na kijana wa miaka 18 kushuka chini alipanda bure. Mfanya usafi wa hoteli anayekwenda na kurudi kila siku hawezi kuishi kwa nauli ya dola 20. Wenye uwezo wakihamia kwenye teksi, mapato ya basi yanapungua, mabasi yanapunguzwa, na aliyebaki kituoni anasubiri zaidi. Anayelipia mabadiliko hayo ni yule ambaye hakuwahi kupanda teksi hata mara moja.

Dar es Salaam inatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, kwenye njia za kilomita zipatazo 21 pamoja na matawi yake, sehemu kubwa zikiwa zimetengwa katikati ya Barabara ya Morogoro. Daladala zikiwa zimeganda kwenye foleni, basi la mwendokasi lilikuwa likipita. Jiji likatunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, la kwanza Afrika kuipata. Lakini huduma ilianza na mabasi 140 wakati mahitaji yalikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Matokeo yake kila mkazi anayajua. Kituoni Manzese asubuhi basi lilikuwa likifika limeshajaa, mlango unafunguka, watatu wanne wanapenya kwa mabega, mlango unasukumwa hadi ufungike, na umati unabaki ukiitazama njia iliyo tupu mbele yake. Njia ilikuwepo, abiria walikuwepo, nauli ilikuwa mkononi. Kilichokosekana ni mabasi na usimamizi. Abiria huyo haponi kwa kuletewa teksi ya kisasa. Anapona kwa basi la pili linalofika dakika mbili baadaye.

Haya yote hayana maana kwamba teknolojia ya kuendesha bila dereva ni adui wa usafiri wa umma. Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wanaofuata mzigo Deira, Dubai, wamekwisha kuipanda: treni za Metro ya Dubai hazina dereva tangu zilipozinduliwa Septemba 2009. Vancouver, Kanada, inazo tangu miaka ya 1980. Kwa sababu hakuna dereva wa kutafutwa, treni fupi zinaweza kupita kwa kufuatana hata usiku abiria wakiwa wachache. Kompyuta ile ile inayombeba mmoja kwa starehe inaweza kuwabeba mamia kwa wakati.

Basi mpangilio unaofaa ni huu. Njia za mabasi zitengwe na zilindwe kwanza, na gari lolote dogo, lenye dereva au lisilo naye, lisisimame humo. Fedha zinunue mabasi ya kutosha. Teksi zinazojiendesha zipewe kazi zinazowafaa abiria kweli: kuwafikisha kituoni wanaokaa mbali, kuwahudumia wenye ulemavu, na kuziba saa za usiku. Tena zilipie matumizi ya barabara, hasa kilomita zinazokwenda tupu. San Francisco ilianza njia hiyo kwa kura ya Novemba 2019 iliyoweka kodi kwenye safari za aina hii, zikiwemo za magari yasiyo na dereva, na kumtoza zaidi anayesafiri peke yake kuliko anayeshirikiana gari. Fedha hizo huenda kwenye usafiri wa umma na usalama wa barabarani.

Kampuni itakapokuja kuomba ruhusa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mkuu wa uchukuzi asianze kwa kuuliza gari linaona vipi. Aulize njia anayoombwa itapitisha watu wangapi kwa saa, na wangapi kati yao wanaimudu nauli. Idadi hiyo ikiwa ndogo kuliko ya basi, ruhusa na itolewe, lakini njia ibaki ya basi.