Punda Naye Huumwa

Punda akiumwa, halii kama mbuzi. Hunyamaza, husimama na kuinamisha kichwa. Mwenyewe husema, "Punda huyu mvivu," kisha humchapa fimbo. Huenda si mvivu. Huenda ana kidonda chini ya mzigo.

Katika mikoa ya Arusha, Manyara, Dodoma na Singida, punda hubeba maji, kuni na magunia ya mahindi. Asipokuwepo, mzigo huo huhamia kichwani kwa mama na watoto. Watu husema, "Punda afe, mzigo ufike." Lakini fikiri: punda akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Punda akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 25 au zaidi.

MKAGUE KILA ASUBUHI

Kabla ya kumpakia mzigo, fanya mambo haya:

1. Mpapase mgongo na mbavu. Ukiona kidonda au uvimbe, usimpakie mzigo.

2. Inua kila mguu. Ondoa mawe, matope na samadi katika kwato. Tumia kijiti kisicho na ncha kali. Anzia nyuma, elekea mbele.

3. Mpe maji safi. Punda mmoja huhitaji kama debe moja la lita 20 kwa siku. Wakati wa joto au kazi nyingi huhitaji zaidi.

4. Tazama anavyokula. Punda aliyekataa chakula ni mgonjwa. Mwite Bwana Mifugo mapema.

VIDONDA VYA MGONGO

Vidonda vingi huletwa na sisi wenyewe. Kamba nyembamba hukata ngozi. Shogi lisilo na kitu laini chini yake huchubua mgongo. Tandika blanketi kuukuu au gunia lililojazwa nyasi kavu. Mzigo ukae pande zote mbili kwa uzito sawa, usikandamize uti wa mgongo. Punda wa kawaida wa kwetu asibebeshwe zaidi ya kilo 50 mgongoni.

Akipata kidonda, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha osha kidonda. Usipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Usimchome kwa chuma cha moto. Mpumzishe mpaka apone.

JIKINGE NAWE

Tunasema, "Shukrani ya punda ni mateke." Mara nyingi punda hupiga teke kwa sababu ameshtuka au anaumwa. Usimjie kwa nyuma. Mwite, kisha mfikie kwa upande wa bega. Usijifunge kamba yake mkononi, maana akikimbia atakuburuta.

Jambo jingine ni pepopunda. Jina lina neno pepo, lakini ugonjwa huu hauletwi na pepo. Huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na katika samadi ya wanyama, punda akiwemo. Huingia mwilini kwa njia ya kidonda, hata kidogo cha mwiba au msumari. Taya hukaza, mgonjwa hushindwa kufungua kinywa. Kisha shingo na mgongo hukakamaa. Ugonjwa huu huua watu, na huua punda pia.

Kwa hiyo:

- Vaa viatu unaposafisha zizi.
- Ukijikata, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati. Mganga ataona kama unahitaji sindano.
- Usipake samadi wala udongo kwenye kidonda, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga.
- Mama mjamzito ahudhurie kliniki apate chanjo. Chanjo hiyo humkinga yeye na mtoto atakayezaliwa.
- Muulize Bwana Mifugo kuhusu chanjo ya punda wako.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi, kabla ya kushika kamba, weka mkono wako juu ya mgongo wa punda wako. Akishtuka au akijikunja, mzigo usubiri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini punda mgonjwa hudhaniwa kuwa ni mvivu?
2. Vijidudu vya pepopunda huingia mwilini kwa njia gani?
3. Punda wa kijiji chenu wana vidonda? Mtafanya nini?