Tope la Mabwawa ya Kasese

Mtu wa Bwera achotaye maji ya mto Lhubiriha siku ya mvua huyaacha mtungini mpaka tope lizame. Asipousafisha mtungi huo, siku moja tope litakaribia mdomo wake, na maji yatachafuka tena kila yatekwapo. Kanuni hiyo ya nyumbani ndiyo kanuni ya mabwawa ya viwanda, na wananchi wa Kasese wana sababu ya kuifahamu.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, ukasimama mapema katika miaka ya 1980. Pamoja na shaba ulitoa piriti yenye kobalti, iliyolundikwa karibu na mji wa Kasese. Piriti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya sulfuri, nayo asidi huyeyusha madini mengine na kuyasafirisha. Kwa miaka mingi lundo lile lilichuruzika kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth, likiacha ukanda mtupu usioota nyasi.

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2013, kiwanda cha kobalti kililigeuza lundo hilo kuwa mali. Bakteria walitiwa katika matangi ya maji na piriti, wakaiharakisha kazi ile ile ya asidi, safari hii ndani ya kuta. Kisha mawe ya chokaa yaliyosagwa yaliongezwa. Chuma kikaganda kuwa mashapo, kikatengwa na maji yenye kobalti.

Lakini kutenga mashapo si mwisho wa kazi. Tope likipanda bwawani, nafasi ya maji hupungua. Maji hupita upesi bila kutulia, na uchafu hutoka nayo. Kwa hiyo tope hufyonzwa kwa pampu au huchimbwa, hukamuliwa maji, kisha huhifadhiwa mahali palipozibwa chini, mbali na mto. Kulilundika ukingoni ni kulikabidhi kwa mvua ijayo.

Huko Kilembe, makapi ya mgodi yaliachwa kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukamega kingo zake. Kinachomegwa hushuka bondeni, wanakolima na kuteka maji watu ambao hawakupata kuuza hata ratili moja ya shaba.

Basi, mgodi ukifunguliwa au ukiendelea kulala, kabla ya kuuliza utatoa shaba kiasi gani, tuulize: tope litawekwa wapi, litaondolewa na nani, na kwa fedha za nani?