Uganga na Utawala katika "Habari za Wakilindi"

Wasomaji wa hadithi ndefu za kubuni, zitokazo katika mabuku matatu kama ile ya J. R. R. Tolkien ya 1954–1955, huuliza swali moja: nguvu za ajabu zisimuliwazo humo zina kanuni gani, na ni nani awezaye kuzitumia? Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari, niliona swali hilo likichukuliwa kwa uzito. Kwetu kiko kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, chenye sehemu tatu, ya mwisho ikiwa ilichapwa mwaka 1907. Hicho si cha kubuni, lakini swali hilo chastahili kuulizwa. Mwenye kutafuta historia hushika nasaba akauacha uganga. Mpenzi wa hadithi hushika uganga akauacha utawala.

Tuanze na neno kigego, yaani mtoto aotaye meno ya juu kwanza, ambaye hudhaniwa kuwaletea jamaa zake vifo. Mbegha alikuwa kigego. Alikuwa mwindaji wa Ngulu, katika milima iliyokuwa ya wilaya ya Handeni kabla ya kuundwa wilaya ya Kilindi. Ndugu zake wakamnyima urithi. Alipofika Usambara aliwagawia watu nyama, akaua simba, akatawazwa Vugha. Na Simba likawa jina la cheo cha wafalme. Uganga wake ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali pake miongoni mwa watu.

Kanuni ya jambo hili imo katika lugha ya Kishambaa. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza misemo miwili: kuzifya shi, ndiko kuiponya nchi, na kubana shi, ndiko kuiharibu. Nguvu ya mvua ni moja. Mfalme akiimiliki peke yake, huponya. Wakiigombania wawili, huwa nguvu kwa nguvu, na njaa hufuata.

Kwa kanuni hiyo habari za mwisho za kitabu hazitengani na za kwanza. Baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, katika miaka ya 1860, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde katika wilaya ya leo ya Korogwe, kwenye njia ya misafara na bunduki, alimfukuza Shekulwavu kutoka Vugha. Wabondei nao wakaasi, na watu wengi wakatekwa na kuuzwa utumwani. Msomaji wa leo ataona hapo biashara na silaha, naye hakosei. Lakini waliopatwa na msiba huo walikuwa na jina lao la kuueleza.

Basi tusiwafundishe vijana wa Handeni na Korogwe kuruka kurasa za uganga kana kwamba ni mapambo. Humo ndimo babu zao walimohoji wenye kuwatawala: je, nguvu hii yaiponya nchi, au yaiharibu?