Glovu za Fundi Umeme

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi, ni nchi ya pamba na jua kali, na kadiri nguzo za umeme zinavyozidi kuingia vijijini, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ndivyo wanavyozidi watu ambao riziki yao iko juu ya nguzo. Atazamaye kutoka chini huona kofia ngumu na mkanda wa kupandia, ilhali kinga iliyo karibu zaidi na hatari ni ile ya mikononi, nayo ikitimia huwa ya tabaka mbili: ndani glovu ya mpira, ambayo ndiyo izuiayo umeme, na juu yake glovu ya ngozi, ambayo kazi yake ni kuuhifadhi ule mpira usichomwe na ncha za waya. Hapa pana ghalati inayonitia hofu kila niionapo, ya fundi kuvaa glovu ya ngozi tu, maana ngozi peke yake, hata ikiwa nene namna gani, na hasa ikilowa jasho au mvua, si kinga ya umeme. Na miliampea 10 tu zapitapo mwilini huweza kuikaza misuli ya kiganja hata mtu asiweze kuuachia waya alioushika.

Glovu za mpira zina madaraja 6, kuanzia daraja la 00, lisilovuka volti 500, hata la 4, lisilovuka volti 36,000, na daraja la kila glovu huandikwa karibu na ukingo wake. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Walakini laini za usambazaji ziendazo kwenye transfoma hubeba volti 11,000 au 33,000, na kwa hizo za 33,000 ni daraja la 4 pekee lifaalo. Hata hivyo iliyo salama zaidi ni laini kuzimwa, ikapimwa kuyakinisha kwamba haina umeme, kisha ikaunganishwa na ardhi, ndipo mkono uiguse.

Kabla ya kupanda, fundi mwenye hadhari huikunja glovu upesi kuanzia ukingoni kuelekea vidoleni, hewa ikanaswa ndani na vidole vikatuna, akaibana, akaisogeza shavuni na sikioni apate kuhisi hewa inapotokea. Na tundu la ncha ya sindano latosha kuikataza kazi siku ile. Aidha hutazama nyufa baina ya vidole, kwani jua, joto, mafuta na mikunjo huula mpira polepole, na glovu iliyoachwa mbele ya kioo cha gari Bariadi mchana kutwa imekwisha kudhurika bighairi ya kuguswa na waya. Fauka ya hayo, glovu za laini kubwa hupelekwa maabara kila miezi 6 zikapimwe kwa umeme.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwisha mwajiri dhamana ya vifaa hivi. Lakini fundi wa mtaani afungaye nyaya nyumba kwa nyumba hana mwajiri, naye hununua apatacho. Kwa ajili yake hasa, glovu iliyoshindwa kipimo sharti ikatwekatwe kabla ya kutupwa, isije ikaokotwa, ikapanguswa vumbi na kuuzwa tena.