Kabla mama hajaenda kulea mjukuu Canada, fungueni daftari la kliniki

Simu huanza na shikamoo, hupita kwa mjukuu aliyezaliwa, halafu hufika kwenye jambo lenyewe: mama aje Canada akae mwaka mzima, ikiwezekana miwili, asaidie kulea. Kwa familia za Mwanza zenye watoto ughaibuni, mazungumzo haya si mageni. Swali linalochelewa ni moja: mama akiugua huko, nani atalipa?

Tuseme mama huyo ni mwalimu mstaafu wa Buswelu, wilayani Ilemela. Ana miaka 64 na presha anayoitibu kwa miaka 6 sasa. Mwanawe yupo Edmonton. Mama ana kadi ya NHIF, kwa kuwa mtumishi wa umma aliyechangia mfuko huo huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, hata baada ya kustaafu. Kwa kadi hiyo amelazwa Sekou Toure, amepimwa moyo Bugando, na hajawahi kuuza kitu ili atibiwe.

Ni rahisi kudhani kadi iliyomfaa miaka yote itamfaa na huko. Haitamfaa. Inafanya kazi katika vituo vilivyosajiliwa na mfuko hapa nchini. Nako Canada, matibabu yanayolipwa na serikali ni ya wakazi, si ya mgeni aliyekuja kumtembelea mwanawe. Siku moja ya kulazwa kwa asiye na bima huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Ndiyo maana viza ya wazazi na mababu, inayoitwa super visa, haitolewi bila bima. Viza hiyo humruhusu mzazi wa raia au mkazi wa kudumu wa Canada kukaa hadi miaka 5 kwa kila anapoingia, utaratibu ulioanza Julai 2022. Mtoto anayealika lazima aonyeshe kipato kinachofikia kiwango kilichowekwa kulingana na ukubwa wa familia yake. Mzazi naye hupimwa afya. Bima iwe ya angalau dola 100,000 za Canada, ambazo ni zaidi ya Sh150 milioni, idumu angalau mwaka mmoja tangu siku ya kuingia, na igharamie matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani.

Karatasi ya makadirio ya bei haikubaliwi. Bima iwe imelipwa yote, au kwa awamu baada ya kutanguliza malipo. Zamani ilikuwa lazima itoke kampuni ya Canada. Tangu Januari 2025 kampuni ya nje nayo inakubalika, mradi iwe imeidhinishwa na msimamizi wa taasisi za fedha wa Canada. Kwa mtu wa umri wa mama wa Buswelu, bei kwa mwaka hupita dola 1,000 bila shida, na huongezeka kwa umri na maradhi.

Mpaka hapo familia nyingi hufika. Tatizo huanzia kwenye fomu.

Fomu ya bima huuliza maradhi aliyonayo mzazi, dawa anazotumia, na lini mara ya mwisho dawa hizo zilibadilishwa. Anayeijaza mara nyingi ni mtoto, usiku, baada ya kazi, kwa niaba ya mama aliye umbali wa saa 9 au 10. Mtoto anajua kuhusu presha. Hajui kwamba mwaka jana mama aliambiwa sukari imeanza kupanda, kwa sababu mama hakusema. Wazazi wetu wana tabia hiyo: hawataki kumtia mtoto wasiwasi akiwa mbali. Basi penye swali la kisukari mtoto anaandika hapana, kwa nia njema kabisa.

Miezi mitano baadaye mama anaanguka jikoni na kukimbizwa hospitali. Kampuni inaomba kumbukumbu za matibabu kutoka Mwanza, inaona kile ambacho hakikuandikwa, na inakataa kulipa. Dola 100,000 zilizoandikwa kwenye mkataba hazimsaidii tena.

Kuna mtego mwingine ulio mdogo zaidi kwa macho. Mikataba mingi hulipia ugonjwa wa zamani endapo tu "umetulia" kwa muda fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180. Kutulia maana yake si mgonjwa kujisikia vizuri. Maana yake dawa haikuongezwa, haikupunguzwa, haikubadilishwa, na hakuna kipimo kipya kinachosubiriwa. Daktari akimpandisha mama kutoka amlodipine miligramu 5 hadi 10 wiki tatu kabla ya safari, amefanya kazi yake vizuri, lakini kwa kampuni presha hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa haijatulia, na kiharusi kitakachofuata kisilipiwe.

Mtu asikimbie kliniki ili karatasi ibaki safi. Presha isiyotibiwa ni hatari kuliko bima iliyokataa. Kinachowezekana ni kuwahi: uchunguzi ufanyike miezi 7 au 8 kabla ya tarehe ya kuondoka, dawa zirekebishwe mapema, halafu muda wa kutulia uanze kuhesabiwa. Kwa anayetoka Sengerema safari ya kliniki Mwanza ni nyepesi sasa, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Kusubiri kivuko si sababu tena.

Aliyekulia Ukerewe au vijiji vya ziwani aombe pia kipimo cha kichocho. Daktari wa Edmonton anaweza asiufikirie ugonjwa huo haraka kama wa Bugando. Na homa yoyote katika wiki za kwanza baada ya kufika, mama au mtoto wake aseme mapema: ametoka Ziwa Victoria, apimwe malaria.

Jambo jingine linalowashtua wengi: bima hii ni ya dharura. Kliniki ya kila mwezi kwa kawaida haimo, wala dawa za kila siku. Mgeni huruhusiwa kuingia Canada na dawa zake za matumizi ya siku zisizozidi 90, zikiwa kwenye pakiti zake. Za siku ya 91 zitahitaji daktari wa huko, cheti cha huko na fedha taslimu za mtoto. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Anayechagua kiasi kikubwa hupata bima ya bei nafuu, ila siku ya dharura atazitoa mfukoni.

Si Canada peke yake. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, ambayo haizidi siku 90, hudai bima ya angalau euro 30,000. Dubai humtaka mdhamini awakatie bima wategemezi wake, na mzazi anayekaa kwa udhamini wa mwanawe ni mmoja wao. Uingereza haimlazimishi mgeni wa matembezi kuwa na bima, lakini matibabu mengi ya hospitali anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama.

Lipo na lile ambalo hakuna anayetaka kulitamka kwenye simu. Mkataba una kipengele cha kusafirisha mwili, na mara nyingi kina kikomo chake, kidogo kuliko ile dola 100,000. Mzee anayetaka kuzikwa Magu karibu na wazazi wake anastahili kuulizwa, na mtoto anastahili kujua kikomo hicho kabla hajasaini. Mazungumzo hayo ni magumu. Ni mepesi kidogo mama akiwa bado Buswelu.

Kinachoanza, basi, ni daftari la kliniki. Mama akae na binti au mkwe aliye karibu, wapige picha kila ukurasa wa miaka miwili iliyopita, kila pakiti ya dawa, kila majibu ya maabara, wazitume Edmonton. Mtoto ajaze fomu akiwa na picha hizo mbele yake na mama kwenye simu, swali kwa swali. Wasipoelewa neno, waiulize kampuni kwa maandishi na jibu walihifadhi.

Viza ikikataliwa, kampuni nyingi hurudisha fedha. Mama akirudi kabla ya mwaka kwisha, bila madai yoyote, nyingi hurudisha za miezi iliyobaki, ila zitataka ushahidi wa tarehe aliyoondoka. Kile kipande cha tiketi anachopewa wakati wa kupanda ndege, asikiache kwenye kiti.