Damu ya Panya Ina Saa Yake

Panya mweupe wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 25, na damu yake yote haijazi nusu kijiko cha chai. Ukiizungusha mashineni chembe zikashuka chini, seramu inayobaki juu hata mililita moja ni bahati. Humo ndimo watafiti wanamosaka saitokini, protini ndogo ambazo chembe za kinga hutumia kuitana pale mwili unaposhambuliwa. Nyingi hupimwa kwa pikogramu. Pikogramu trilioni moja ndiyo gramu moja.

Kipimo chenyewe ni Elisa, kilekile kilichozoeleka katika kuchunguza damu ya wachangiaji. Kilibuniwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann kule Stockholm, huku Waholanzi wakifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, na kila kimoja kimepakwa kingamwili inayonasa saitokini moja tu. Unatia seramu, unasubiri, unaosha. Unaongeza kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, unaosha tena. Ukitia dawa ya rangi, vishimo vinageuka buluu, na tone la asidi huvifanya njano. Kadiri njano inavyokolea, ndivyo saitokini ilivyo nyingi. Mashine husoma rangi hiyo na kuilinganisha na vishimo vya kiwango kinachojulikana.

Kazi inaharibikia kwenye kuosha. Kishimo kisipooshwa vizuri hung'aa njano bila sababu, ndiyo maana kila sampuli hupimwa walau mara mbili. Seramu iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara nayo haiaminiki.

Ila hayo yote, kwa maoni yangu, ni madogo mbele ya swali moja: damu ilitolewa saa ngapi? Panya akidungwa endotoksini, sumu ya ganda la bakteria, saitokini iitwayo TNF hupanda hadi kileleni ndani ya saa moja hadi moja na nusu, kisha huporomoka. Saitokini nyingine, IL-6, huchelewa na kudumu zaidi. Ukija na sindano saa sita baadaye, utaandika kwamba TNF karibu haipo, na sahani itakuunga mkono.

TNF yenyewe ilitangazwa mwaka 1975 na kundi la Lloyd Old mjini New York. Waliwapa panya BCG, chanjo ileile ya watoto wetu ya kifua kikuu, kisha endotoksini. Seramu ya panya hao ikaua uvimbe wa saratani kwa panya wengine. Miaka kumi baadaye, Bruce Beutler na Anthony Cerami walionyesha kuwa kingamwili dhidi ya TNF huwaokoa panya wasife kwa endotoksini, hasa ikitangulia sumu.

Madaktari walipoijaribu mbinu hiyo kwa wagonjwa ambao maambukizi yalikwisha kuenea mwilini, matumaini yaliyeyuka. Mgonjwa hafiki hospitalini kabla ya sumu. Mara nyingi TNF imeshapanda na kushuka akiwa bado nyumbani. Dawa za namna hiyo zilipata nafasi kwingine, kwenye maradhi ambayo TNF huzalishwa siku hadi siku. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliximab, kingamwili iliyoundwa kwa sehemu ya panya na sehemu ya binadamu, kutibu ugonjwa wa Crohn wa utumbo.