Fumbo la herufi sita na akili inayozurura

Mtunzi wa fumbo la maneno ameweka dokezo hili kwenye safu ya mlalo: "Meno mengi, hakuna kutafuna", herufi sita. Anayejaza anaanza na msumeno, anahesabu, anakuta herufi saba. Neno amelikataa, lakini picha yake haimtoki. Anaiona karakana ya fundi seremala, vumbi la mninga sakafuni, kitanda alichomwagizia dada yake kabla ya harusi, na deni la kitanda hicho ambalo bado halijaisha. Punde kalamu iko palepale juu ya kisanduku, na mwenye kalamu yuko mbali kabisa, anapiga hesabu za fedha.

Tumezoea kuiita hali hiyo uzembe. Mwalimu humgongea meza mtoto aliyefika huko, na mtu mzima hujikemea mwenyewe. Naamini tunaionea, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayofanya kazi tofauti, na fumbo gumu linayahitaji yote mawili.

Tuifuate safari ile hatua kwa hatua. Kutoka meno hadi msumeno, na kutoka msumeno hadi karakana, hapo hakuna aliyepotea. Ndivyo kumbukumbu inavyotafuta. Mwaka 1975 wanasaikolojia Allan Collins na Elizabeth Loftus walieleza kwamba maneno na maana zake yameshikamana kichwani, na likiamka moja, mwamko husambaa hadi kwa majirani zake, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Majirani wa karibu wa "meno" ni mdomo, ufizi, mswaki. Huko mtunzi ameziba njia kwa makusudi, kwa maneno yale mawili ya mwisho, "hakuna kutafuna". Anayejaza hana budi kuuachia mwamko ufike mbali, na akishauachia hawezi kuuamuru usimame mlangoni mwa karakana. Deni la kitanda linaingia kwa njia ileile liliyoingilia neno msumeno.

Fumbo la Kiswahili linampa nafasi zaidi ya kwenda mbali. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na visanduku vinapokutana mara nyingi ni A, I au U inayopatikana. Konsonanti adimu ingefyeka wagombea wengi kwa mpigo. A ya mwisho inawaacha wengi wao wamesimama. Kinachofidia ni ngeli. Mtunzi angeandika "Kina meno" angekuwa ameshatoa nusu ya siri, na ndiyo maana fundi wa kazi hii hutunga dokezo lisilo na kiambishi cha kumfichua mhusika. Napenda sana ustadi huo, na sioni ukisifiwa vya kutosha.

Sasa tuseme anayejaza amerudi kutoka kwenye deni lake na neno "chanuo" limemjia. Herufi sita. Analiandika kwa wino. Herufi ya tatu, A, ndiyo inayoanza neno la wima lenye dokezo "Adui wa mabaharia", nalo lina herufi sita. Ajali? Hizo ni tano. Anatafuta neno jingine linaloanza na A, anakosa, anatafuta tena. Kila anaporudi kwenye mlalo analikuta chanuo, na kila anapolikuta linazidi kuonekana sahihi.

Hapa ndipo jambo la pili linapoanza kufanya kazi. Mwaka 1991 Steven Smith wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na mwenzake Steven Blankenship waliwapa watu mafumbo ya kutafuta neno moja linalooana na maneno matatu. Baadhi yao waliwekewa kwanza maneno ya kuwapotosha. Mapumziko yaliwasaidia hasa hao waliopotoshwa. Kwa maelezo yao, mapumziko hayakuleta jibu jipya. Yalilipunguzia nguvu jibu baya lililokuwa likija mbele kila mara. Kwa msingi huo, hata zile hesabu za deni, ambazo hazihusiani na meno wala mabaharia, zina faida yake. Muda ambao akili iko karakanani au harusini ni muda ambao hailirudii chanuo. Anaporudi analisoma dokezo kana kwamba ni la mtu mwingine, na kitana linajitokeza. Hilo nalo lina herufi sita, ya tatu ni T, na mabaharia wanapata adui yao: tufani.

Yapo maelezo mengine, tena maarufu zaidi. Graham Wallas, katika kitabu chake cha mwaka 1926, alisema kwamba baada ya maandalizi huja kipindi cha kuatamia, ambapo akili huendelea na kazi bila mwenyewe kujua. Mwanahisabati Henri Poincaré alikuwa amesimulia jinsi jibu lilivyomjia alipokuwa akipanda basi huko Coutances, Ufaransa, akiwa hawazii hesabu hata kidogo. Simulizi hilo linavutia, ila kwa fumbo la maneno mimi naegemea maelezo ya Smith. Hayatulazimu kuamini kwamba kuna mfanyakazi aliyejificha kichwani. Yanahitaji tu tukubali kwamba jibu baya hupoa lisiporudiwarudiwa.

Kwamba jibu huja ghafla, hilo halina ubishi. Mwaka 2004 Mark Jung-Beeman, John Kounios na wenzao walirekodi mawimbi ya ubongo ya watu waliokuwa wakifumbua mafumbo ya maneno, wakaona mlipuko wa mawimbi ya kasi upande wa kulia, juu ya sikio, kama theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kutangaza kuwa amelipata.

Lakini si kila kuzurura kunasaidia. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati za kubahatisha, wanawaza nini. Karibu nusu ya majibu yalionyesha akili iko kwingine, na wenye akili iliyokuwa kwingine walikuwa na furaha pungufu. Jaribio la mwaka 2012 la Benjamin Baird na wenzake lilionyesha kwamba kazi nyepesi inayoiachia akili izurure huongeza ubunifu. Watafiti waliolirudia baadaye hawakuiona faida hiyo. Kwa hiyo sitamwambia mtu ajilazimishe kuota mchana. Deni likiwa zito kiasi cha kumnyima usingizi, akili inayolirudia imenasa kama ilivyonasa kwenye chanuo.

Ninachokitegemea zaidi ni mapitio ya Ut Na Sio na Thomas Ormerod ya mwaka 2009, yaliyokusanya tafiti 117. Kwa mafumbo ya lugha, kazi nyepesi katikati ilisaidia kuliko kazi nzito, na kuliko kukaa bure. Kuosha vyombo kunafaa. Kufungua fumbo jingine gumu hakufai. Na kwa jumla, waliohangaika muda mrefu kabla ya kuliacha tatizo ndio waliovuna zaidi waliporudi. Aliyetupa kalamu baada ya kuhesabu herufi za msumeno hana chanuo la kupoa kichwani mwake, na akirudi kutoka jikoni atalikuta dokezo palepale alipoliacha.